Anasikia Sauti, Hasikii Herufi: kisa cha mtoto wa miaka minne, Tanga

Mtoto wa kisa hiki nilimhudumia kwenye kituo cha afya pembezoni mwa Jiji la Tanga. Nitamwita Sudi, ingawa si jina lake. Mtaa, kazi za watu wazima na baadhi ya miezi nimevigeuza kidogo asitambulike, na nyumbani kwao wameridhia kiandikwe. Mimi ni afisa tabibu, si daktari bingwa wa masikio. Nawaandikia wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, pamoja na walimu wa chuo cha Kurani na wa madarasa ya awali, maana wao hukaa na mtoto saa nyingi kuliko sisi.

Mtoto na nyumba anayotoka

Siku nilipomwona mara ya kwanza Sudi alikuwa na miaka minne na miezi miwili. Alizaliwa miezi imetimia, akalia papo hapo, wala hakupata manjano ya kutibiwa. Kadi yake ya kliniki ilikuwa safi: chanjo ya kichomi ya wiki ya 6, 10 na 14 alipata zote, na ya surua-rubela akapata ya miezi 9 na ya miezi 18. Hakuwahi kuugua homa ya uti wa mgongo wala malaria kali, wala kuchomwa sindano za jentamisini. Haya nayatanguliza kwa sababu ndiyo yanayotutia hofu kwamba mshipa wa fahamu wa kusikia umeharibika, na kwake hayakuwapo.

Mama yake hukaanga vitumbua alfajiri kwa kuni, na Sudi mchanga alishinda mgongoni kwenye moshi huohuo. Baba ni mvuvi. Akienda dago, yaani kambi ya wavuvi, anakaa wiki tatu au nne. Mlezi hasa ni bibi mzaa mama. Tangu miezi minne mtoto alipewa maziwa ya chupa akiwa amelala chali ili mama awahi wateja. Moshi na chupa ya kulalia vyote viwili vinaligusa sikio la kati. Sikio hilo ni chumba kidogo cha hewa nyuma ya kiwambo, ile ngozi nyembamba inayotikiswa na sauti, kinachopumua kupitia mrija unaofungukia nyuma ya pua. Mrija wa mtoto mdogo ni mfupi na umelala karibu usawa, kwa hiyo vijidudu na maziwa hupanda bila shida. Ukivimba, hewa haipiti tena, na chumba hujaa majimaji.

Sikio lilikopita kabla ya kufika kwetu

Sikio la kulia lilianza kutoka usaha akiwa na miezi kumi. Nyumbani walisema ni meno yanaota. Kuanzia hapo likawa na desturi yake: mafua yakija linavuja, yakiisha linatulia wiki mbili tatu, kisha linarudi. Nilihesabu kwenye kadi na kwenye vijikaratasi alivyohifadhi bibi. Mara tano alipelekwa kutibiwa, na mara tano akaandikiwa amoksilini ya kunywa. Katikati ya safari hizo palipita mafuta ya nazi ya uvuguvugu yenye kitunguu saumu, maziwa ya mama yaliyokamuliwa sikioni, na pamba ya kuziba harufu. Bibi aliniambia bila kuficha, "Sisi tuliambiwa yataacha akikua, mwanangu."

Kuchelewa kusema kulitafutiwa dawa mahali pengine kabisa, yaani mdomoni. Alipofika miaka mitatu alikuwa na maneno kama ishirini, na jirani hakuweza kuyaelewa. Ikasemwa ana ulimi mzito, akapelekwa kwa fundi akakatwa kimeo. Alitoka damu mpaka usiku wa manane. Maneno hayakuongezeka, na sasa ushauri uliokuwa ukizunguka uani ulikuwa ni kumkata udata, yaani kijinyama kinachoushika ulimi kwa chini.

Hakuna aliyeliunganisha sikio na mdomo. Wahudumu wa afya pia hatukufanya hivyo, na mimi nimo.

Mwezi wa saba: nilipopiga makofi

Walikuja wakati wa kusi, foleni imejaa watoto wenye makamasi. Mama alisema mambo mawili: sikio linatoka usaha, na mtoto ni mkaidi. "Anasikia akitaka, daktari."

Maneno hayo yalitosha kunisimamisha. Mtoto anayesikia "akitaka" mara nyingi ni yule anayesikia ukiwa karibu, ukiwa mbele yake, chumba kikiwa kimya na mafua yakiwa yamepungua. Kwa mzazi hilo linaonekana kama hiari. Mimi nilisimama nyuma yake, nikapiga makofi, akageuka. Nikaandika kwenye faili: *anasikia vizuri*. Kofi karibu na kichwa lina sauti kubwa kuliko mazungumzo ya kawaida, na linatikisa hata hewa ya shingoni. Mtoto aliyepungukiwa usikivu kwa desibeli arobaini atageuka vilevile. Kipimo changu kilikuwa kinatafuta kiziwi kabisa, na Sudi hakuwa kiziwi kabisa.

Ndani ya sikio sikuangalia. Betri za otoskopu, tochi ya kuangalilia sikio, zilikuwa zimeisha wiki hiyo na sikuzihangaikia. Nikaandika amoksilini, ya sita.

Ujumbe wa maalim

Mwezi wa kumi bibi alirudi na mtoto, safari hii bila mama. Baada ya shikamoo yangu, hata marahaba haijaisha, akasema, "Nimetumwa na maalim."

Maalim ana watoto thelathini na kitu barazani kwake jioni. Alikuwa amemwona Sudi akisoma sura fupi kwa mahadhi yake yote. Anapanda panapopandwa, anavuta panapovutwa, anasimama panaposimamwa, lakini herufi hazimo. Mwanzoni alidhani ni mzaha, akamkaripia. Kisha akamhamisha mbele, karibu na magoti yake, na baada ya siku chache mim na ba, zile herufi za Kiarabu zinazoonekana midomoni, zikaanza kuingia. Akirudishwa nyuma karibu na barabara, zinapotea. Maalim akigeukia ubao, mtoto ananyamaza. Ujumbe aliompa bibi aufikishe kwangu ulikuwa huu: "Mtoto huyu anasikia sauti, hasikii herufi."

Nilimwomba bibi aurudie, nikauandika kwenye faili chini ya sentensi yangu ya mwezi wa saba. Ilikuwa aibu kidogo kuzisoma zote mbili kwenye ukurasa mmoja.

Tulichokiona

Sikio la kulia lilikuwa na pamba mbili, moja kavu na nyingine nyuma yake imeoza. Tulizitoa, tukakausha kwa utambi wa kitambaa, nikaangalia. Kiwambo kilikuwa na tundu katikati, kubwa kama theluthi moja ya kiwambo chenyewe, na nyuma yake utando mwekundu wenye unyevu. Tundu la katikati si jambo jema, ila lina nafuu. La kuogopa ni lile la pembeni au la juu kabisa, lenye magamba meupe na harufu kali isiyoisha, kwa sababu hapo ngozi inaweza kuwa inaota ndani na kula mfupa. Nilitafuta dalili hizo sikuziona. Nyuma ya sikio hapakuwa na uvimbe wala maumivu, uso haukupinda, hakuwa na kizunguzungu wala homa. Lolote kati ya hayo lingemaanisha rufaa siku hiyohiyo.

La kushoto, ambalo halikuwahi kuvuja na halikuwahi kulalamikiwa na mtu, ndilo lililonishangaza. Kiwambo kilikuwa kizima, lakini rangi yake ilikuwa kama chai ya rangi iliyopoa, hakiakisi taa, na nyuma yake vilionekana viputo viwili vya hewa. Hayo ni majimaji. Hayakuwa na usaha, maumivu wala homa. Kumbe sikio "zima" nalo lilikuwa limejaa, na mtoto alikuwa hana sikio la kutegemea.

Ndani ya mdomo, mahali pa kimeo palibaki kovu. Ulimi aliutoa ukapita midomo yote miwili na kugusa karibu na kidevu. Kwa hiyo udata haukuwa na hatia yoyote.

Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya mwezi wa saba. Muuguzi mwenzangu alichora picha kwenye vipande vya boksi: taa na saa, bata na kata, kiti na kisu, mto na moto, paka na papa. Tulimpa mbili mbili aguse ninayoitaja, nikiwa umbali wa mita moja. Kwa sauti ya mazungumzo, uso wangu ukiwa wazi, alipata kumi kati ya kumi. Nikaficha mdomo kwa kadi ya kliniki, nimeishika mbali kidogo isizuie sauti, akapata saba. Nikaishusha sauti, si kwa kunong'ona bali kama mtu anayesema chumbani usiku, mdomo bado umefichwa, akapata nne. Kwa picha mbili mbili, hata anayebahatisha hupata tano.

Bibi alikuwa ananitazama mimi, hamtazami mtoto. "Kwa hiyo nilipokuwa namwita nikiwa jikoni..." alisema, hakuimaliza.

Wiki tatu baadaye alipimwa kwa odiometa, mashine ya kupima usikivu, kwenye hospitali ya rufaa. Mtaalamu alimfanyia kama mchezo: kila akisikia mlio atumbukize kunde kwenye kopo. Wastani wa milio minne, kuanzia hezi 500 hadi 4,000, ulikuwa desibeli 38 kushoto na 47 kulia; namba ikiwa kubwa, upungufu nao ni mkubwa. Walipopima kwa njia ya mfupa, yaani kulipita sikio la kati na kufika moja kwa moja sikio la ndani, ilikuwa 10. Timpanometa, mashine inayopima kama kiwambo kinacheza, kushoto ilichora mstari mlalo, kama inavyochora kiwambo kilichoegemewa na maji. Maana yake mshipa ni mzima na njia ndiyo imeziba. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2021, sikio bora likiwa kati ya desibeli 35 na chini ya 50, huo ni upungufu wa wastani, wala hauitwi mdogo.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa kuacha antibayotiki ya kunywa. Sikio linalovuja siku 14 au zaidi ni sikio sugu. Vidonge na sharubati havifiki vya kutosha kwenye utando ule uliolowa usaha, na mara sita zilikwishatosha kuwa ushahidi. Linalosaidia ni kulikausha, kisha kutia matone ya siprofloksasini, mara tatu kwa siku kwa wiki mbili. Matone yakitiwa juu ya usaha yanaogelea tu. Nilimfundisha bibi kusokota utambi wa kitambaa safi, kuuingiza hadi uloane, kuutoa, kuingiza mwingine, mpaka utoke mkavu. Nikampa kitambaa nikamwambia, "Sasa bibi nifundishe mimi." Alinifundisha, akanirekebisha na namna ya kumshika mtoto kichwa. Vijiti vya pamba nilivikataza, na pamba ya kuacha ndani pia.

La pili: matone ya jentamisini hapana. Kiwambo kikiwa na tundu, dawa hiyo inaweza kupenya na kuliumiza sikio la ndani, na hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa kizima kwa mtoto huyu. Hili nililisema kwa mdomo tu. Sikuliandika, na gharama yake nitaieleza.

La tatu lilihusu sikio la kushoto, na lilikuwa gumu kueleza kwa sababu uamuzi ulikuwa kusubiri. Majimaji ya aina hii mara nyingi hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu, na hakuna faida iliyothibitishwa ya kumpa dawa za mafua au za mzio ili yakauke. Mama aliona nimempuuza. Akauliza kuhusu nyama za puani, na swali lake lilikuwa zuri, kwani mtoto alikuwa anakoroma kidogo. Bingwa aliziangalia, akaona zimekua kiasi lakini hazijaziba. Baba naye, aliporudi kutoka dago, aliuliza kuhusu kile kifaa cha kupandikizwa alichosikia redioni kwamba kinawekwa Muhimbili tangu 2017. Nilimweleza kuwa kile ni cha mtoto ambaye sikio la ndani limeharibika sana. La mwanawe ni zima, na kumpandikizia kifaa kile ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu mlango umekwama.

Uamuzi uliobaki ulikuwa wa mdomo: usiguswe. Niliwaambia wazi kwamba kukata kimeo kunaleta damu, maambukizi na hata pepopunda, na wembe wa kushirikiana unabeba mengine mazito zaidi. Fundi sikumtukana, kwa sababu ni jamaa yao. Nilimwomba bibi atoe ulimi wake na Sudi autoe wake, tuone wa nani mrefu. Udata haukutajwa tena.

Kituoni hatukuwa na mtaalamu wa matamshi, kwa hiyo mazoezi yalibebwa na bibi na maalim. Walikubaliana kukaa uso kwa uso, karibu kuliko hatua mbili, redio imezimwa. Mtoto akisema "a-ma-i", asiamrishwe "sema samaki!", ajibiwe, "Samaki. Samaki mkubwa. Tumkaange?" Bibi alikuja na jambo ambalo sikulifikiria, vitendawili. Kila jioni anatega, mtoto anaegemea magoti yake amtazame mdomo asikose mwisho. Mazoezi ya kusikiliza ambayo mtoto anayadai mwenyewe sikuwahi kuyabuni mimi.

Chupa mbili

Chupa ya kwanza ilitoka kituoni. Lebo yake iliandikwa matone ya macho, kwa kuwa siprofloksasini ileile ya macho huweza kutumika sikioni. Nilijua hivyo, nikampa bila kusema kitu. Mama, anayejua kusoma, aliiona lebo usiku, wakaamua daktari kachanganya dawa. Siku nne hawakuitia, na kwa heshima hawakuja kuniuliza. Niliyagundua kwenye marudio, sikio likiwa bado bichi.

Chupa ya pili walinunua duka la dawa mtaani, ya kwetu ilipokwisha. Muuzaji hakuwa na siprofloksasini, akawapa "ileile ya masikio". Bibi aliileta kwangu imefungwa kwenye ncha ya khanga kabla hajaifungua, kwa sababu ya kisa cha lebo ya kwanza. Ilikuwa jentamisini. Kama si kosa langu la kwanza kumfundisha kushuku lebo, la pili lingepita kimya. Tangu siku hiyo naandika kwenye kikaratasi jina la dawa inayotakiwa, na chini yake kwa herufi kubwa jina la isiyotakiwa.

Katikati ya Novemba sikio la kulia lilikauka. Tundu lilibaki.

Matokeo

Januari aliingia darasa la awali, akikaribia miaka mitano. Nilimwandikia mwalimu barua ya mistari minne: akae mbele, upande wa kulia wa darasa ili sikio la kushoto limwelekee mwalimu, mwalimu aseme akiwa amewageukia watoto, akimwita asimhesabu mkaidi kabla ya kumgusa bega. Mwalimu alifanya yote, isipokuwa wiki aliyougua na mwenzake akampanga Sudi nyuma kwa urefu.

Mwisho wa Januari tulipima tena. Kushoto desibeli 33, mstari bado mlalo. Kulia, kavu lakini lenye tundu, 36. Miezi mitatu ilikuwa imepita na majimaji yapo. Bingwa alipendekeza kibomba kidogo cha kupitisha hewa kwenye kiwambo cha kushoto, chini ya nusu kaputi, au kifaa cha kuvaa cha kukuza sauti kwa muda. Familia ikaomba kusubiri masika ipite na baba arudi. Tukakubali, kwa sharti la tarehe ya kupima iliyoandikwa, na bila kuacha kukaa mbele. Sikuwa na amani na uamuzi huo.

Sikukuu ya Idi Sudi aliingia baharini na wenzake. Mtoto wa Tanga humkatazi bahari. Tulikuwa tumekubaliana asipige mbizi, na aweke pamba iliyopakwa mafuta mazito ya kujipaka, itolewe mara tu akitoka. Pamba ilikuwapo, na mbizi nayo ilikuwapo. Sikio la kulia likavuja siku ya tatu. Bibi alianza utambi siku hiyohiyo, akaja kuchukua matone, na ndani ya siku kumi likakauka.

Julai, mwaka mmoja kamili tangu makofi yangu, sikio la kushoto lilikuwa safi. Kiwambo kilikuwa cha kijivu, kinaakisi taa, timpanometa imechora kilima, na usikivu ni desibeli 18. La kulia lilikuwa 34, kavu. Kuziba tundu kwa upasuaji kutafikiriwa akiwa mkubwa zaidi, mafua yakipungua.

Kusema kumebadilika, hakujakamilika. Sudi anaunganisha maneno manne, matano, na jirani anamwelewa. Bado anachanganya s na sh, na akiwa amechoka viambishi vinadondoka. Chuoni amefika mbali kwenye sura fupi, herufi zikiwamo.

Uchambuzi

Nianze na lugha yenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi tunadanganyika. Karibu kila silabi ya Kiswahili inaishia na irabu, na irabu ndizo zenye nguvu ya sauti. Mtoto aliyepungukiwa desibeli 35 au 40 bado anapata mapigo ya neno: idadi ya silabi, mkazo wa pili kutoka mwisho, mpando wa swali. Konsonanti hafifu kama s, f, t na k ndizo zinazomponyoka. Ndiyo maana "samaki" ikawa "a-ma-i", mahadhi kamili yenye m peke yake. Sisi tukimsikia anatoa mdundo sahihi tunasema anajua neno ila ulimi umemzidi. Na mwanzo wa neno, viambishi vinapokaa, sauti ni ndogo. Sudi wa miaka minne na nusu alisema "toto nalia", "tabu angu". Mtoto wa miaka miwili husema hivyo na hatushtuki, lakini wa miaka minne anatuonyesha ngeli ambazo hazijawahi kumfikia masikioni. Angekatwa udata mara kumi, m- na ki- zisingekuja.

Kilichofanya kazi zaidi kilikuwa jicho la maalim. Hakupima kitu kwa mashine. Alibadilisha jambo moja, mahali pa kukaa, akaona matokeo, akarudisha, akaona tena. Hilo ni jaribio safi kuliko makofi yangu. Cha pili kilikuwa kumfundisha anayelala na mtoto nyumba moja badala ya aliyemleta. Mwezi wa saba maelezo yote nilimpa mama, ambaye saa za dawa yuko kwenye kikaangio.

Kipimo cha picha na mdomo uliofichwa kilitugharimu boksi moja na nusu saa. Hakichukui nafasi ya odiometa, ila kinatosha kuandika rufaa yenye swali. Barua yangu ya rufaa ilisema "mtoto ana usaha, hasemi vizuri, anapata nne kati ya kumi mdomo ukifichwa", na mtaalamu alijua aanzie wapi.

Makosa ni mengi na sehemu kubwa ni yangu. Makofi nimeyasema. Sikio la kushoto lisilovuja lilipita miaka bila kuangaliwa, kwa sababu sote tulifuata usaha. Ndani ya miezi mitatu, kuanzia Julai hadi Oktoba, mtoto alipoteza muda wa kujifunza lugha kwa sababu ya sentensi moja kwenye faili: ikishaandikwa "anasikia vizuri", anayefuata hapimi tena. Lebo ya macho nilipaswa kuieleza nikiwa nimeishika chupa mkononi.

Kuhusu kusubiri baada ya Januari, sitaki matokeo mazuri yanifanye mwerevu. Mtoto alikuwa na majimaji yaliyokaa zaidi ya miezi mitatu, usikivu wa sikio bora 33, na lugha iliyochelewa. Huyo ni mtoto ambaye kibomba kilikuwa na sababu zote. Majimaji yalikauka, na ni kwa bahati. Lililotulinda kidogo ni kwamba tulisubiri tukiwa na tarehe, kiti cha mbele na bibi mwenye vitendawili. Mtoto asiye na hivyo nisingekubali asubiri.

Kuhusu kinga, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 60 ya upungufu wa kusikia kwa watoto unazuilika. Kwa Sudi chanjo zilifanya sehemu yao. Sehemu iliyobaki ilikuwa chupa ya kulalia, moshi, na usaha ulioachwa miaka mitatu kwa jina la meno.

Mdogo wake

Mwezi wa nane bibi alikuja na mdogo wake Sudi, msichana wa miezi kumi na moja. Alilia usiku kucha, homa ilikuwa nyuzi 38.6, na asubuhi sikio lilitoa tone la usaha. Ilikuwa siku ya kwanza. Bibi alikuwa ameshakausha kwa utambi, na mkononi ameshika chupa ya matone ya siprofloksasini ya kaka yake, akiuliza kama aanze.

Nilimwambia hapana. Kiwambo kilikuwa chekundu, kimevimba, kimepasuka usiku huo tu. Hilo lilikuwa ambukizo jipya, na kwa hilo amoksilini ndiyo dawa yake. Bibi alinitazama muda mrefu, akaiangalia karatasi ya majina ya dawa niliyokuwa nimemwandikia kwa ajili ya Sudi, akaniomba nimwandikie na kwa nini.